Mikrobe ya kolera nayo ina adui: virusi vidogo vinavyopigana ndani ya tumbo la mgonjwa

Kila mara tunapozungumza kolera kwenye antena, iwe ni msimu wa mvua ama ni zile siku ambazo robine zimekauka, kuna swali linalorudi. Linakuja kwa njia nyingi lakini ni lile lile: "Mayi ya ziwa ni mingi, inatembea, inajisafisha yenyewe. Babu zetu walikunywa. Juu ya nini sasa munatukataza?"

Jibu fupi tunalijua wote. Jibu refu ndilo linapendeza, kwa sababu ndani ya swali lile kuna kipande cha ukweli. Ndani ya maji ya mito na maziwa kunaweza kupatikana kitu kinachoua mikrobe ya kolera. Wanasayansi wanakifahamu tangu zaidi ya miaka 100. Na mwaka 2022 watafiti walitangaza kwamba wamekipata hata huku kwetu, ndani ya choo cha wagonjwa wa kolera wa eneo la Maziwa Makuu ya Kongo, na chetu si sawa na kile kilichoonekana mbele huko Asia.

Shida ni kwamba kitu hicho hakifanyi kazi kwa ajili yetu. Kinajitafutia maisha yake. Na tena, kuna ndugu yake mmoja ambaye ndiye aliyeipatia mikrobe ya kolera ile sumu inayotuua. Hayo yote mawili tutayaeleza hapa polepole.

Mikrobe nayo inagonjwa

Sisi tumezoea kuweka vyote ndani ya mfuko mmoja na kuita "mikrobe". Lakini munganga anatenganisha bakteria na virusi. Bakteria ni kiumbe kamili, hata kama ni kidogo sana: inakula, inakua, inajigawa mara mbili. Kolera ni bakteria, jina lake Vibrio cholerae, na ukiiangalia kwa mikroskopi imejikunja kidogo kama koma ya kwenye daftari. Kifua kikuu ni bakteria, tifoide pia.

Virusi ni mambo mengine. Havili, havipumui, havijigawi. Kirusi ni maagizo tu, yameandikwa kwenye ADN ao kitu cha jamaa yake, yakafungwa ndani ya ganda la protini. Kikiwa nje hakifanyi lolote. Kazi inaanza pale kinapoingia ndani ya chembe hai ya mwingine na kuilazimisha imfanyie kazi. Surua, Ebola, SIDA, zote ni virusi vinavyoingia chembe za mwanadamu.

Sasa, kuna virusi ambavyo havina habari na mwanadamu, wala mbuzi, wala muhogo. Vyenyewe vinaingia bakteria tu. Vinaitwa bakteriofaji, maana yake wala-bakteria, na kwa kifupi watu wa labo wanasema faji. Viko kila mahali ambapo kuna bakteria: udongo wa shamba, ziwa, matumbo ya ng'ombe, matumbo yetu sisi. Udogo wake ni shida hata kuufikiria. Ukipanga bakteria za kolera kwa mstari mmoja, utahitaji kama 500 kufikisha milimita moja. Ukipanga faji, utahitaji elfu tano, hata elfu kumi.

Faji nyingi zina umbo la kushangaza. Kuna kichwa chenye pembe pembe, ndani yake ADN imekunjwa na kukazwa sana. Chini ya kichwa kuna mkia kama bomba, na mwisho wa mkia kuna vitu kama miguu. Ukiona picha yake kwa mara ya kwanza unaweza kusema ni mashine ambayo mutu alitengeneza.

Faji haikimbizi bakteria. Inaelea tu mpaka zigongane. Hapo kila kitu kinategemea ngozi ya bakteria. Faji inatafuta alama moja maalum, kama vile ufunguo unavyotafuta kufuli lake. Ikiikosa, inaendelea kuelea. Ndiyo maana faji ya kolera haina shida na bakteria ya tifoide, wala na zile bakteria nzuri za tumboni zinazotusaidia. Ikiipata alama, miguu inashika, mkia unatoboa, ADN inamiminwa ndani, na ganda tupu linabaki nje.

Kuanzia hapo bakteria si ya mwenyewe tena. Maagizo ya faji yanachukua kiwanda: vitu vyote vya ndani vinaanza kutengeneza vichwa vya faji, mikia ya faji, ADN ya faji. Katika muda wa nusu saa hivi vinakuwa vimeunganishwa, makumi ya faji mpya. Kisha ngozi ya bakteria inapasuliwa kutoka ndani na zote zinatoka kutafuta nyingine.

Mto Ganges na yule mtu asiye na diplome

Habari hii ilianza bila mtu kuona faji yenyewe, juu mikroskopi za wakati ule hazikuweza. Mwaka 1896 Mwingereza mmoja aliyefanya kazi India, Ernest Hankin, aliandika kwamba maji ya mto Ganges na mto Yamuna yanaua mikrobe ya kolera. Alikuwa ameona jambo la ajabu: ukichemsha maji hayo kwanza, nguvu ile inapotea. Kwa hiyo kitu kilichokuwa kinaua hakikuwa chumvi wala jiwe. Kilikuwa kitu ambacho moto unakiharibu.

Kisha ikaja vita ya kwanza ya dunia. Mwaka 1915, karibu na Paris, askari walishikwa na kuhara damu. Félix d'Hérelle, aliyekuwa akifanya kazi Institut Pasteur, alichukua choo chao, akakichuja kwa kichujio ambacho bakteria haipiti, kisha ule maji uliochujwa akautia ndani ya chupa yenye bakteria za kuhara damu. Chupa iliyojaa bakteria inakuwa na ukungu kama maji ya mchele. Kesho yake chupa ilikuwa safi kabisa. Kitu kisichoonekana kilikuwa kimezimaliza zote. Mwaka 1917 alitangaza na akakipa jina la bakteriofaji. Mwingereza Frederick Twort alikuwa ameandika juu ya kitu cha namna hiyo miaka miwili mbele yake, na mabishano ya nani alitangulia yalidumu sana.

D'Hérelle hakuwa na diplome ya udaktari, alijifundisha mwenyewe. Lakini alielewa haraka kile alichokuwa nacho mkononi. Katika miaka ya 1920 alikwenda India kujaribu faji dhidi ya kolera kwa watu wenyewe. Rafiki yake George Eliava alianzisha institut mwaka 1923 huko Tbilisi, Georgia, ambayo mpaka leo inatibu watu kwa faji. Eliava mwenyewe aliuawa 1937 na utawala wa Stalin, lakini nyumba yake ya kazi ilibaki. Upande wa Ulaya na Marekani watu waliacha faji pale penisilini na antibiotiki zingine zilipokuja. Antibiotiki ilikuwa rahisi: dawa moja, mikrobe nyingi. Faji inataka kwanza ujue kabisa ni bakteria gani unapigana nayo.

Sumu ya kolera haikuwa yake

Kuna faji za aina mbili, na hapa ndipo mambo yanageuka.

Aina ya kwanza ni ile tuliyoeleza: inaingia, inazaana, inapasua. Aina ya pili ina subira. Inaingia, lakini haiui. Inachomeka ADN yake katikati ya ADN ya bakteria na kukaa kimya. Bakteria ikijigawa, inanakili yote pamoja, yake na ya mgeni. Ni kama mpangaji aliyeingia na kuandika jina lake kwenye parcelle. Watoto wa mwenye nyumba wanazaliwa na mpangaji tayari yuko ndani ya karatasi.

Wakati mwingine mpangaji huyo anakuja na mzigo. Mwaka 1996 Wamarekani wawili, Matthew Waldor na John Mekalanos, walionyesha kwamba maagizo ya kutengeneza sumu ya kolera si ya bakteria yenyewe. Yaliletwa na faji. Faji hiyo wameipa jina la CTX. Kuna Vibrio cholerae nyingi zinazoishi ndani ya maji bila sumu hiyo, na hizo hazileti yale magonjwa makubwa ya kolera tunayoyajua.

Sumu hiyo inafanya nini? Inafika kwenye chembe za utumbo mwembamba na kufungua milango ambayo ingepaswa kufungwa. Chumvi inatoka ndani ya mwili kuelekea utumbo, na maji yanafuata chumvi. Ndiyo ile kuhara ya rangi ya maji ya mchele. Mtu mzima aliyeshikwa vibaya anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa moja. Bakteria haijamtafuna, haijatoboa utumbo wake. Mgonjwa wa kolera anakufa kwa kukauka.

Na namna faji CTX inavyoingia ndani ya bakteria nayo inafaa kuelezwa. Inapita kwenye nywele fulani ambazo bakteria inaziotesha ili ishike vizuri utumbo wa mwanadamu. Maana yake, ile bakteria iliyojiandaa kukaa tumboni mwetu ndiyo hiyo hiyo inafungua mlango kwa kirusi chenye sumu. Si kolera peke yake iliyo na hadithi hii: sumu ya difteria (ugonjwa wa koo wa watoto, ile chanjo ya kwanza kwanza inaukinga) pia inatokana na faji.

Kwa hiyo mtu akikwambia faji ni "virusi vizuri", mwulize kwanza ni faji gani.

Vita vya Dhaka

Mahali ambapo vita vya kolera na faji vimechunguzwa sana ni Bangladesh, nchi ambayo kolera inarudi kila mwaka kama mvua. Pale Dhaka kuna hospitali na kituo kikubwa cha utafiti wa magonjwa ya kuhara. Watafiti wakafungua sampuli za choo za wagonjwa zilizowekwa kati ya 2001 na 2011, na karibu kila mara walikuta faji moja ile ile. Waliiita ICP1. Hiyo ni ya aina ya kwanza, ile ya kupasua.

Kufuli lake ni ile kanzu ya sukari inayofunika ngozi ya kolera, ambayo wenye labo wanaiita O1 (ukiona kwenye bulletin ya afya "Vibrio cholerae O1", ndiyo hiyo kanzu wanayoisema). Bakteria inaweza kukwepa kwa kuvua kanzu. Basi faji haina pa kushika. Lakini bila kanzu hiyo bakteria haiwezi tena kuishi vizuri tumboni. Imeokoka na faji, imeshindwa na mgonjwa.

Kwa hiyo kolera ilitafuta njia nyingine, na mimi hapa ndipo nilisoma mara mbili. Ndani ya ADN ya baadhi ya kolera kuna kipande kilichojificha, kinaitwa PLE. Siku zote kimelala. ICP1 ikiingia tu, kinaamka. Kinaharibu kazi ya faji, kinaiba vichwa vyake na kuvijaza ADN yake mwenyewe, kisha kinapasua bakteria mapema kabla faji hazijakamilika. Bakteria ile inakufa kweli. Lakini hakuna faji hata moja inayotoka, na ndugu zake walio pembeni wanapona.

ICP1 nayo haikukaa bure. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba baadhi ya ICP1 zinabeba silaha inayoitwa CRISPR, mkasi unaokata ADN mahali palipoandikwa. Kwa kawaida CRISPR ni silaha ya bakteria dhidi ya virusi (na ni kwa mkasi huo wamama wawili wanasayansi, Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna, walipata Nobel ya kemia mwaka 2020). Hapa kirusi kimechukua bunduki ya adui na kuigeuza: inakata PLE vipande vipande. Bakteria zikaja na PLE za aina nyingine. Faji zikabadilisha mkasi. Mpaka leo hawajamalizana.

Yote haya yanapita ndani ya tumbo la mtu mmoja, kwa siku chache, wakati yeye amelala kwenye kitanda chenye tundu pale CTC na ndoo iko chini.

Na huku kwetu?

Turudi nyumbani. Mashariki ya Kongo inaishi na kolera tangu miaka ya 1970. Wazee wa Goma hawajasahau Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipovuka kwa laki nyingi: katika mwezi wa kwanza karibu watu 50,000 walikufa, wengi kwa kolera na kuhara damu. Uvira, Fizi, Kalemie, Minova, kisiwa cha Idjwi, kila mtu ana habari yake.

Watafiti wa Marekani na Wakongomani walichukua kolera 24 zilizotoka kwa wagonjwa wa eneo hili kati ya 2015 na 2017, wakasoma ADN yake yote. Matokeo yalitoka mwaka 2022. Mambo matatu yanatuhusu.

Kwanza, kolera yetu inatokana na ukoo uliotoka Asia ya kusini na kuingia Afrika ya mashariki. Pili, katika 41 kwa mia ya sampuli za choo za wagonjwa, walikuta ICP1. Ndiyo, ile ya Bangladesh, lakini ADN yake imekuwa tofauti na zile za Asia: ni ya huku. Tatu, kwenye matawi mbalimbali ya ukoo wa kolera yetu walikuta bakteria zilizokwisha kujifunza kumkataa huyo kirusi. Watafiti wanaona kwamba faji hiyo ni moja ya nguvu kubwa zinazosukuma kolera ya hapa kubadilika na kuenea.

Soma tena hilo la mwisho. Tungetegemea kusikia kwamba faji inapunguza kolera, basi. Na ni kweli inaua. Lakini inapoua zile dhaifu, inaacha zile zilizopata namna ya kuokoka, na hizo ndizo zinaendelea kwenda kartie nyingine, kisiwa kingine. Ni sawa na mkulima anayepalilia kwa kukata juu juu: majani laini yanaisha, yale yenye mizizi mirefu yanabaki na shamba lote.

Hapo ndipo nina jibu kwa wale wa "mayi inajisafisha". Huko Dhaka watafiti waliona kwamba wakati faji zinaongezeka ndani ya maji ya mito, kolera ya mjini inaelekea kushuka. Lakini angalia utaratibu wake: faji zinaongezeka pale ambapo tayari kuna kolera nyingi za kula. Wagonjwa wanakuja kwanza, faji zinajaa baadaye. Ukichota maji leo asubuhi, huwezi kujua uko kwenye siku gani ya vita. Na kabla ya kufikia faji, ndani ya bidoni lile la lita 20 kuna tifoide, kuna minyoo, kuna vyote ambavyo ICP1 haina habari navyo.

Hii si mambo ya vitabu tu. Baada ya volkano Nyiragongo kulipuka tarehe 22/05/2021, mabomba na tangi la maji viliharibika na kartie nyingi za Goma zikabaki bila maji. Mwanzoni mwa 2025, vita vilipoingia mjini na umeme kukatika, pampu zilisimama, na watu walirudi na mabidoni yao ziwani. Mama aliye na watoto watano hachagui ziwa kwa kupenda.

Test inayosema "hakuna"

Kuna mahali faji inagusa moja kwa moja mgonjwa na muuguzi wake, na watu wachache wanapajua. Vituo vingi vinatumia test ya haraka, ile ya kijiti, kutafuta kolera. Kijiti kinatafuta ile kanzu ya O1. Sasa ikiwa faji zimekula bakteria nyingi ndani ya choo cha mgonjwa, kijiti kinaweza kukosa cha kuonyesha. Watafiti waliliona hilo Bangladesh: palipo na ICP1, test inakosea zaidi kwa kusema "hakuna" wakati kolera iko.

Basi wewe mama ambaye mtoto anahara maji, macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiikunja inakawia kurudi, na test imetoka "hakuna": usirudi nyumbani na kungoja. Kinachotibiwa kwanza ni ukavu, si jina la mikrobe. Wauguzi waliozoea CTC wanalijua.

Uchunguzi mwingine, wa mwaka mzima nchini Bangladesh, uliotoka 2024, ulionyesha kwamba wagonjwa wenye faji nyingi ukilinganisha na bakteria hawakukauka sana kama wengine, mradi bakteria zao hazikuwa na ile kinga ya PLE ao nyingine ya kufanana nayo. Bakteria yenye kinga, faji hazifui dafu. Antibiotiki nayo vile vile: inasaidia pale ambapo bakteria haijaizoea.

Na hapo niseme jambo moja juu ya mafarmasi yetu. Tumbo likianza tu, wengi wanakimbilia kununua tetra ao doxy, vidonge vinne, viwili wanakunywa, viwili wanaweka. Kolera ya Goma ya 1994 ilikuwa tayari imezoea dawa hizo zote mbili. Antibiotiki katika kolera ni ya mgonjwa aliyezidiwa, na anayeamua ni munganga. Kinachookoa wengi ni maji na chumvi: sashe ya SRO ndani ya lita moja ya maji safi. Sashe ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kusawazishwa, si vya kujaza mlima. Mgonjwa anakunywa kidogo kidogo tangu nyumbani mpaka kituoni, hata kama anatapika. Aliyezidiwa anatiwa serumu ya mshipa. Bila matunzo, kolera kali inaweza kuua hata nusu ya wanaoshikwa; akitunzwa mapema, haifiki mmoja kwa mia.

Dawa ya faji itafika lini?

Swali hili linakuja tu mara watu wanapoelewa faji ni nini. Mwaka 2017 kikundi cha Marekani kilichanganya faji tatu za kolera, ICP1, ICP2 na ICP3, kikawanywesha panya na sungura wadogo kabla ya kuwapa kolera. Ulinzi ulionekana. Faida ya kuchanganya tatu ni kwamba si zote zinazoshika kufuli moja. Bakteria ikikwepa moja, nyingine inaikamata. Wazo ni kuwapa watu wanaoishi nyumba moja na mgonjwa, kwa zile siku chache ambazo hatari ni kubwa. Panya na sungura si watu, lakini. Na kilichoonekana huku Kongo kinaongeza ugumu: kama kolera yetu imekwisha kuishi na ICP1 yake na kuizoea, mchanganyiko uliotengenezwa kwa faji za Bangladesh unaweza usifae hapa. Itabidi kuchukua faji za hapa, kuzijaribu kwa bakteria za hapa, na kurudia kila baada ya muda. Hiyo inataka labo yenye umeme usiokatika na frigo ya baridi kali, pamoja na watu waliosomea kazi hiyo.

Ulaya wameanza kurudi kwenye faji kwa magonjwa ambayo antibiotiki imeshindwa. Ubelgiji tangu 2018 ina utaratibu ambao farmasi inaweza kutayarishia mgonjwa mmoja faji zake. Kwenye mafarmasi ya Bukavu, Goma ao Kalemie hakuna dawa ya faji ya kolera. Mtu akikuuzia chupa ya "virusi vinavyokula kolera", amekuuzia maji.

Kuhusu klore, kuna waliouliza kama inaua na hizo faji pia, na kama basi hatupotezi mlinzi. Ndiyo, inaua. Klore haichagui, wala moto hauchagui, kama Hankin alivyoona kwa maji ya Ganges mwaka 1896. Lakini ndani ya bidoni uliyotia klore kwa kipimo na kungoja nusu saa, faji haina tena cha kula.